Mkimbizi ni Nani?

Muhula huu katika chama chetu cha majadiliano tulipewa neno hili: "Mtu aliyekimbia vita bila kutafutwa yeye mwenyewe si mkimbizi." Mimi nilikuwa msemaji wa kwanza wa upande uliokubali. Tulishinda, nami nikapigiwa makofi mengi. Naandika habari hii kwa sababu nimekwisha kutambua ya kuwa nilisoma nusu tu ya sheria.

Hapa Kabanga neno mkimbizi si geni. Kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu wa Kongo, imo katika wilaya yetu ya Kasulu, na kambi ya Nduta iko upande wa Kibondo. Basi kila mmoja wetu hudhani aijua maana ya neno hilo.

Hoja yangu niliijenga juu ya Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951. Huo wasema kuwa mkimbizi ni mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu ya haki kwamba atateswa kwa ajili ya asili yake, dini yake, utaifa wake, kundi alilomo au mawazo yake ya siasa. Watungaji walikuwa wakiwafikiri hasa wakimbizi wa Ulaya baada ya Vita Kuu ya Pili. Tena mkataba ulihusu mambo yaliyotokea kabla ya tarehe 1 Januari 1951 tu, mpaka Itifaki ya mwaka 1967 ilipoondoa kizuizi hicho. Nikasema: bomu halimwulizi mtu dini yake, basi anayekimbia bomu hateswi kwa ajili ya neno lo lote katika hayo matano. Hapo ndipo makofi yalipolia.

Wiki iliyofuata mwalimu wetu wa uraia alinipa nisome Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliotiwa sahihi Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969. Kifungu chake cha kwanza chaanza na maana ile ile ya Geneva, kisha chaongeza ya pili: mkimbizi ni pia mtu aliyelazimika kuihama nchi yake kwa sababu ya kushambuliwa au kukaliwa na taifa jingine, kutawaliwa na wageni, au mambo yaliyovuruga sana amani katika sehemu ya nchi au nchi nzima. Hapasemwi kwamba lazima atafutwe. Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 nayo imeikubali maana hiyo. (Wapinzani wangu hawakuwa wameisoma, ama sivyo nisingalishinda!)

Nikamkumbuka jirani yetu, bibi aliyetoka Burundi mwaka 1993 baada ya Rais Ndadaye kuuawa. Hutuhadithia kwamba alisikia risasi kwenye kilima cha pili, akambeba mtoto mgongoni, akaacha maharage motoni. Hakuna aliyemtaja kwa jina. Kwa hoja yangu alikuwa mtembezi tu. Na jambo hili si la maneno matupu, maana kifungu cha 33 cha Geneva chakataza kumrudisha mkimbizi mahali ambapo maisha yake yamo hatarini. Asiyeitwa mkimbizi hawezi kukishika kifungu hicho.

Wanasheria bado wabishana. Wengine waona maneno "kuvuruga sana amani" ni mapana mno: nani atapima? Lakini mataifa ya Amerika ya Kati yalifuata mfano wa Afrika katika Azimio la Cartagena la mwaka 1984.

Mwanafunzi wa kidato cha pili aliniuliza, je, aliyefukuzwa na mafuriko? Nikamweleza habari za mtu wa Kiribati aliyekataliwa hifadhi New Zealand. Mwezi Januari 2020 ilitangazwa kwamba Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa iliona New Zealand haikuvunja sheria, lakini ikasema huenda hali ya bahari na nchi ikaharibika hata kumrudisha mtu kukawa haramu. Hakuridhika. Nimemwomba katibu wa chama atuwekee neno hilo muhula ujao, pamoja na lile la kwanza, nami nitasimama upande wa pili.