Aliyeokolewa na Kisu Asiuawe na Haya

Wahenga walisema: Mficha maradhi kifo humuumbua. Neno hili linawahusu wenzetu waliopatwa na saratani ya utumbo, ambao madaktari, ili kuwaokoa, wamewafungulia tundu tumboni liitwalo stoma, na choo chao hukingwa kwa mfuko.

Wako miongoni mwao ambao jeraha lao hupona, kisha wakadhoofishwa na njaa ya kujitakia. Kwa kuona haya mbele ya wenzao kazini, hujinyima chakula ili mfuko usijae. Hiyo ni dhana potofu. Utumbo mtupu haukomi kufanya kazi. Hujaa upepo na kunguruma. Na mwili usiolishwa hauna nguvu ya kustahimili dawa za saratani wala kufunga kidonda.

Twasema wazi: mgonjwa huyu na ale, tena ale kwa maarifa. Ale kidogo kidogo, mara nyingi, na atafune sana. Asikose mayai, samaki au maziwa. Wali na ndizi mbivu husaidia kukaza choo cha majimaji. Maharage, kabichi na soda huleta upepo. Havikuharamishwa, bali ajaribu kimoja kimoja, aujue mwili wake. Katika wiki 6 hadi 8 za mwanzo ajihadhari na mahindi ya kuchoma, karanga na nazi, visije vikaziba njia.

Tena stoma si za namna moja. Ile ya utumbo mpana humruhusu mtu kula karibu kama zamani. Ile ya utumbo mwembamba hupoteza maji pamoja na chumvi. Kwa hiyo maji matupu hayamtoshi. Daktari aweza kumshauri mchanganyiko huu: lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Lakini mfuko usipopokea kitu kwa saa kadhaa, huku tumbo likisokota na mgonjwa akitapika, apelekwe hospitali mara moja.

Maarifa haya hayana budi kutolewa kabla mgonjwa hajatoka wodini, kwa lugha anayoifahamu, na ampikiaye awepo asikie. Nasi wafanyakazi tuna wajibu wetu: choo safi chenye maji na faragha, na ulimi usiodhihaki. Mwenzetu akila bila hofu, atarudi kazini akiwa na nguvu.