Tiba ya Kiwewe: Kisa Kisimuliwe Mpaka Mwisho

Barua zinazouliza habari za kiwewe zimetufikia kwa wingi, na nyingi, japo zimeandikwa na watu wasiojuana, zauliza jambo moja: yawaje mtu aliyenusurika vita, au ajali, au kunajisiwa, miaka mingi baada ya mkasa, hali anakaa salama na wanawe, agutuke mlango ukibamizwa, atokwe na jasho akinusa moshi, na usiku apige ukelele kana kwamba adui amemsimamia kitandani? Na kila mwenye kuuliza amekwisha kupewa jawabu na jamaa zake, kwamba yaliyopita si ndwele, basi asahau. Nasaha hiyo yawafaa majirani waliogombana. Mgonjwa huyu humzidishia maradhi, na sababu yake yataka maelezo.

Kumbukumbu ya kawaida huhifadhiwa pamoja na mahali pake na wakati wake, hata ukiikumbuka arusi ya dada yako husikii ngoma ikilia sasa hivi uani. Saa ya hatari kubwa, kwa mujibu wa wataalamu, ile sehemu ya ubongo iitwayo amigdala hunasa kwa nguvu sauti, harufu, rangi na mapigo ya moyo, ilhali hipokampasi, ambayo kazi yake ni kuyafungamanisha mambo hayo na mahali na wakati, hulemewa. Hivyo husalia vipande vya mkasa visivyo na jana wala juzi, na kimoja kikichokozwa na harufu tu ya mpira unaoungua, vyote huamka, na mwili hauna habari kwamba unakumbuka, bali hudhani kwamba unauawa. Hapo ndipo kuepuka kunapoleta hasara. Mtu akiiacha njia aliyoshambuliwa, hofu hushuka papo hapo, na nafuu ile humfunza kwamba kuepuka ndiko kulikomwokoa. Kesho ataliacha soko, mwezi ujao ataacha kazi, mwisho asitoke chumbani, na muda wote huo hakupata fursa hata moja ya kujua kwamba njiani mle hamna adui tena.

Tiba ya kukabili hofu, iliyoenezwa na mwanasaikolojia Edna Foa wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, humtaka mgonjwa, katika vikao ambavyo aghalabu ni 8 hadi 15, afumbe macho ausimulie mkasa kana kwamba unatokea sasa, kisha aurudie, tena na tena, na baina ya vikao apazoee hatua kwa hatua mahali salama alipopakimbia. Watu hudhani kwamba kwa njia hiyo hofu hufutwa. Sivyo, na hili ndilo linalonistaajabisha kuliko yote katika elimu hii. Mwanafiziolojia wa Urusi, Ivan Pavlov, aliona kwamba mbwa aliyezoeshwa kudondokwa na mate kwa ishara ya chakula, kisha akazimwa mazoea hayo, akipumzishwa kitambo, mazoea humrudia yenyewe, dalili ya kwamba ya kale hayakufutika, bali yamewekewa mapya ya kushindana nayo. Ndiyo sababu mgonjwa hufanyishwa mazoezi mahali mbalimbali, na ndiyo sababu mwanasaikolojia Michelle Craske na wenzake husisitiza kwamba jambo kubwa si hofu kushuka kikaoni, bali tarajio kukanushwa: aliyeamini kwamba akiyasema atashikwa na wazimu ameyasema, saa nzima imepita, na akili yake i timamu.

Wapo wanaodai kwamba hayo ni mambo ya wenye hospitali kubwa za ng'ambo. Na watazame Uganda. Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, walitunga namna ya tiba hii inayofuata maisha yote ya mtu: kamba hutandazwa sakafuni, ncha yake moja ikiwa ni kuzaliwa, na mgonjwa huweka ua palipokuwa na furaha na jiwe palipokuwa na msiba, kisha, kikao baada ya kikao, husimulia kwa mfuatano, na afikapo penye jiwe msikilizaji hamwachi apite mbio, bali humwuliza ulisimama wapi, ulisikia nini, mikono yako ilihisi nini, na sasa unaponieleza yahisi nini, mpaka vile vipande vipate mahali na wakati. Maneno yake huandikwa, akasomewa kikao kifuatacho ayasahihishe. Katika makazi ya wakimbizi ya Imvepi, huko Uganda, wakimbizi 43 wa Sudan walishiriki jaribio la tiba hiyo lililochapishwa mwaka 2004. Mwaka mmoja baada ya tiba, miongoni mwa waliotibiwa hivyo asilimia 29 tu walikuwa bado na maradhi, na katika makundi mawili yaliyopewa ushauri wa kawaida au maelezo tu, ilikaribia 80. Jaribio la Nakivale, makazi mengine ya wakimbizi nchini humo, lililochapishwa 2008, lilikuwa na Wanyarwanda na Wasomali 277, na waliotibu hawakuwa madaktari, bali wakimbizi wenzao waliofunzwa kazi hiyo.

Madhali hayo yamethibiti, sina subira na yule auzaye mafuta ya kufuta kumbukumbu, wala na yule amfungaye mgonjwa na kumchapa ili jini limtoke. Kumchapa mtu aliyekwisha kuchapwa na askari ni kumwongezea jiwe kambani. Dua haina dhara, na wengi huwafariji. Dhara ni kumkataza mtu asiende kwa tabibu. Nao wenye vyeti wasijione wamesalimika: wapo wanaokimbilia penye msiba siku ya pili, wakawakusanya walionusurika na kuwashurutisha waseme yote kwa kikao kimoja, jambo ambalo majaribio yameonyesha kwamba halizuii maradhi, na wapo wanaogawa diazepamu, dawa ya kutuliza, ilhali Shirika la Afya Duniani tangu 2013 limeshauri watu wazima wasipewe dawa za jamii hiyo kwa dalili za kiwewe katika mwezi wa kwanza.

Kwa ufupi basi: dalili zikipita mwezi mmoja, nenda hospitali yenye kitengo cha afya ya akili. Usimfanyie ndugu yako tiba hii nyumbani, wala usimburute penye mkasa. Anayeishi bado na anayempiga, kwanza atolewe humo. Anayetaja kujiua, apelekwe leo. Vikao vya mwanzo huwazidishia baadhi ya wagonjwa dalili kwa muda, na wengine huacha tiba hapo hapo, kwa hiyo mtu wa nyumbani amsindikize mpaka kikao cha tatu na cha nne, bila kumwuliza njiani amesema nini.