Kwa Nini Mchezo wa Intaneti Hukwama?

Hasira hasara. Nilijionea kwa macho yangu likizo ya Aprili. Nilikuwa nikicheza kandanda ya intaneti kwa simu, mabao mawili kwa mawili, dakika za lala salama. Ghafla mlinzi wangu akaganda kama aliyepigwa picha. Kutahamaki, mpira u wavuni, tena wavu wangu! Kumbe dada alikuwa akituma chuoni video ya mazoezi yake ya ualimu. Nikachomoa waya wa ruta. Video ikakatikia njiani, muda wa kuwasilisha ukapita, naye akakatwa alama. Baba akaamuru nisicheze tena hadi nitafute dawa.

Mpenzi msomaji, wengi hudhani dawa ni kulipia kasi zaidi. Hata mimi. Lakini mchezo hautumii data nyingi. Hutuma pakiti ndogo ndogo, mara nyingi kwa sekunde, na haja yake ni zifike upesi. Chukua mfano wa bomba la maji. Wewe umekuja na kikombe, mbele yako yupo mwenye mkokoteni wa mitungi ishirini. Maji yapo tele, lakini utangoja.

Video ndiyo mkokoteni. Njia yetu ya kupakia, yaani ya kutoa data nyumbani, ni megabiti 5 kwa sekunde. Pakiti kubwa ya kawaida ina baiti 1500. Zikijipanga 250 ndani ya modemu, hizo ni megabiti 3, na kuzipitisha ni sekunde 0.6. (Mwalimu wa hisabati na ahakiki!) Nilipopima, safari ya kwenda na kurudi ilikuwa milisekunde 40 nyumba ikiwa kimya. Video ikipakiwa, 640. Hapo kipa atadaka nini?

Ruta nyingi zina sehemu ya kugawa kipaumbele, iitwayo QoS. Nikaingia kwenye mipangilio, nikaipa simu yangu nafasi ya kwanza. Wapi! Hali ikawa ile ile. Nilikaribia kukata tamaa. Kumbe foleni haikuwa ndani ya ruta. Ilikuwa mbele yake, kwenye modemu, ambayo haijui kikombe wala mkokoteni. Ruta huweza kupanga tu wale waliosimama mlangoni pake. Basi ni lazima uiambie itoe data polepole kidogo kuliko njia inavyoweza, ili foleni ibaki kwake. Nikaandika megabiti 4.5 badala ya 5. Nikapima tena huku dada akipakia video: milisekunde 52! Nilipiga kelele hadi jirani akauliza kulikoni.

Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha mbinu ya kuzuia foleni isivimbe, iitwayo CoDel. Ruta yako ikiwa nayo au na jamaa zake, kazi huwa rahisi zaidi. Ila mchezo ukiendeshwa kwenye seva ya mbali ng'ambo, au mawimbi ya waifai yakizuiwa na kuta, usiilaumu foleni.

Video iliyomchukua dada dakika 20 sasa humchukua 22 na ushei, naye halalamiki. Nafasi ya kwanza nimevipa vipindi vyake vya chuo vya moja kwa moja, ya pili mchezo wangu, ya mwisho upakiaji wa mafaili. Zile alama, hata hivyo, hazikurudi.