Mafunzo ya Mtandaoni Yawafikie Pia Wenye Ulemavu



Mwinjili Marko anatusimulia habari za watu wanne waliombeba mwenye kupooza (Mk 2:1-12). Umati ulikuwa umeziba mlango, wakatoboa dari na kumshusha mbele ya Yesu. Waliomzuia hawakuwa maadui, bali wasikilizaji wema waliosahau kwamba kuna mwingine nje.

Siku hizi mlango huo umo pia katika simu. Semina za makatekista, za wanandoa na za viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo zinazidi kutolewa kwa njia ya intaneti. Kwa muumini wa Nyamwaga mwenye ulemavu wa miguu, ambaye kufika parokiani humgharimu nauli ya bodaboda, hii ni neema. Lakini sisi tunaoandaa masomo hayo twaweza kuwafungia wengine bila kukusudia.

Tuchukue mfano mmoja. Tunapiga picha kurasa za kitabu na kuzituma katika kundi. Asiyeona anayo programu katika simu, kama vile TalkBack, inayomsomea maandishi kwa sauti. Ikikutana na picha ya ukurasa, mara nyingi hushindwa. Somo limefika, naye hakupata neno. Tukichapa maneno yale yale kama maandishi ya kawaida, atayasikia yote bila kumngoja mjukuu atoke shuleni.

Kwa kiziwi, mahubiri ya video yawe na maandishi chini yake. Hata hivyo maandishi peke yake hayatoshi, kwa sababu Lugha ya Alama ya Tanzania ina sarufi yake, na wapo viziwi ambao Kiswahili cha kuandikwa ni kigumu kwao. Panapowezekana, awepo mkalimani. Kwa mwenye uoni hafifu, tutumie herufi kubwa na rangi zinazotofautiana wazi. Kwa anayejifunza au kuandika polepole, jaribio lisifungwe kwa dakika chache.

Tusiseme kwetu hawapo. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu. Sheria ya Kanisa (kanuni 213) inatambua haki ya waamini kupokea Neno la Mungu na sakramenti kutoka kwa wachungaji wao. Nao Mwongozo wa Katekesi wa mwaka 2020 (na. 269-272) unatufundisha kwamba wenye ulemavu si wa kuhudumiwa tu, wao pia ni watendaji katika katekesi.

Basi, kabla ya kutuma somo lijalo, tumwombe ndugu mmoja asiyeona na mwingine kiziwi walijaribu kwanza. Wakikwama, tulirekebishe pamoja nao, ndipo tulitume kwa wote.