Kitabu cha kustaafu mapema: Ununue au uazime?

MKULIMA au mfanyabiashara anayebana matumizi ili apumzike kabla ya uzee hukutana na swali hili: kitabu kinachofundisha jambo hilo akinunue au akiazime?

Tuchukue mfano wa Your Money or Your Life, kitabu cha Vicki Robin na Joe Dominguez kilichotoka Marekani mwaka 1992. Dominguez aliacha kazi Wall Street akiwa na miaka 31. Kitabu kinafundisha kupima bei kwa saa za kazi. Kama faida yako dukani ni Sh2,000 kwa saa, kitabu cha Sh30,000 ni saa 15 za jasho lako.

Hasara kubwa ni mazoea. Kitabu kimoja kila mwezi ni Sh360,000 kwa mwaka. Mwaka 1994, mshauri wa fedha William Bengen alikokotoa kuwa mstaafu wa Marekani mwenye hisa na hati fungani angeweza kuanza kwa kutumia asilimia 4 ya akiba yake kwa mwaka. Kwa kipimo hicho, vitabu pekee vinadai akiba ya Sh9 milioni.

Kwa hiyo azima kwanza, maktaba ya mkoa au kwa rafiki, ukihesabu na nauli. Nakili hesabu zake kwenye daftari. Ukiona unakirudia kila msimu, kinunue, kwani sasa ni kitendea kazi kama jembe.

Ila usiguse fedha ya mbegu. Kitabu kitakusubiri, mvua haitakusubiri.