Kigari cha Bei Nafuu: Raha Yake na Karaha Yake

Wasemao kwamba rahisi ni ghali hawakukosea, lakini wangeongeza kwamba rahisi pia ina utamu wake. Wakusanye barazani wazee watatu wa hapa Mombasa waliomiliki vigari vidogo miaka ya 1960 na 1970, uwape kahawa chungu, kisha uwaache. Mmoja ataeleza alivyolala Mtito Andei na gari bovu, wa pili ataapa kwamba lake lilikwenda kwa harufu ya petroli tu, na wa tatu atacheka mpaka machozi yamtoke. Sijapata kusikia mtu akilisimulia kwa hamu gari ambalo halikumtesa.

Langu nililinunua mwaka 1974. Lilikuwa la mkono wa tatu, milango miwili, injini ya sisi elfu moja hivi. Jina la waliolitengeneza nitalihifadhi, kwani mzee hachekwi kwa kukohoa, na gari lile lilinijia likiwa limekwisha kula chumvi nyingi.

Kwa nini kigari, wala si gari la maana? Ndugu msomaji, kumbuka hali ya wakati ule. Oktoba 1973, katika vita vya Waarabu na Israeli, nchi za Kiarabu zilizuia mafuta yasiwafikie Marekani na wengine walioiunga mkono Israeli. Pipa la mafuta ghafi lililouzwa karibu dola 3 likakaribia dola 12 ulipoingia mwaka 1974. Pigo lile halikuchagua tajiri wala maskini. Mtaani kwetu, wenye magari makubwa wakawa wanayatoa Ijumaa na siku ya harusi tu, na sisi makarani tukatafuta kitu kinachokunywa kidogo.

Wala haikuwa mara ya kwanza kwa shida ya mafuta kuzaa gari dogo. Mini ya Uingereza, iliyobuniwa na Alec Issigonis na kuanza kuuzwa mwaka 1959, ilitokana na uhaba wa petroli uliofuata vita vya Suez vya mwaka 1956. Bwana yule aliilaza injini ikingame, hivyo kigari chenye urefu wa mita tatu tu kikaweza kubeba watu wanne. Nayo Volkswagen yenye mgongo wa kobe haikuwa na redieta hata kidogo. Injini yake ilikaa nyuma na kupozwa kwa upepo, na mtu wa nchi ya joto hakuhitaji kuambiwa mara mbili faida ya gari lisilochemsha maji.

Tena tulikuwa na ushahidi wetu wenyewe: mashindano ya Safari. Mwaka 1962 Volkswagen ilishinda. Mwaka 1970 na 1971 ikawa zamu ya Datsun, na mwaka 1974 na 1976 Joginder Singh akashinda kwa Mitsubishi Lancer. Magari yale ya mashindano yalitiwa nguvu kuliko yetu, lakini nani angemwambia hayo kijana aliyeona gari lenye sura kama la jirani yake likirudi limetapakaa tope?

Basi nikajiunga na chama cha wenye vigari, na karaha zikaanza.

Ya kwanza ilikuwa kutu. Kikulacho ki nguoni mwako, na gari la pwani huliwa na upepo wake wa chumvi. Kutu huanzia chini, mahali pasipoonekana, na rangi ikifura ujue bati la ndani limekwisha. Mwaka wa tatu watoto wangu waliokaa nyuma waliiona lami ikipita chini ya miguu yao, wakafurahi kama walio sinema. Nikatandika bati, na juu ya bati mkeka.

Ya pili ilikuwa joto. Nikipanda Mazeras saa nane mchana, petroli huchemka ndani ya mfereji wake kabla haijafika kwenye kabureta, na gari huzima kama taa iliyopulizwa. Dawa yake ni kitambaa kibichi juu ya pampu, na subira. Nikifika Nairobi, mji ulio juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,600, hewa ni nyepesi, kabureta iliyopimwa Mombasa inatoa petroli kuliko hewa, na moshi unakuwa mweusi.

Ya tatu ilikuwa feri ya Likoni. Maji yakipwa, ule mteremko wa kutokea husimama kama ngazi. Breki ya mkono ya kigari changu ilikuwa ya kuonyesha tu, kwa hiyo chini ya kiti nilichukua kigogo cha mwembe. Mwanangu mkubwa ndiye aliyekuwa utingo wangu: gari likisimama anaruka na kigogo chake, huku nyuma honi zinalia na abiria wa miguu wananipa mashauri nisiyoyaomba.

Mke wangu alikuwa akiniambia, "Baba Saidi, ungemlisha mbuzi kwa pesa hizi, leo tungekuwa na zizi." Sikuwa na jibu. Plagi, pointi, betri, mpira wa breki: kila mwezi lilikuwa na ugonjwa wake.

Hata hivyo gari lile lilinifunza jambo. Fundi wangu wa Majengo, mzee asiyejua kusoma, alinieleza kwamba injini inataka vitu vitatu tu: petroli, hewa na moto. Ikikataa kuwaka, tafuta kipi kimekosekana. Kwa maneno hayo na bisibisi moja nikaweza kulifufua gari mara nyingi nikiwa peke yangu porini. Nilikuwa na mali niliyoielewa.

Na raha yake kubwa haikuwa yangu peke yangu. Mtaa mzima ulikuwa na magari mawili, na lililokuwa likiwaka lilikuwa la watu wote. Lilibeba sufuria za pilau za harusi, likabeba sanda na maji ya waridi ya maiti, likapeleka bibi arusi akiwa amekunja magoti.

Usiku mmoja wa Ramadhani mwaka 1978 jirani alikuja kupiga hodi, mtoto wake wa miaka minne amebanwa na pumu, midomo imeanza kugeuka rangi. Betri ilikuwa imekufa tangu alasiri. Vijana waliokuwa wakitoka tarawehe wakavua kofia, wakasukuma. "Ami, tia gia ya pili!" wakanipigia kelele. Mara ya kwanza likakohoa, mara ya pili likakohoa, mara ya tatu likawaka, tukaenda hospitali taa moja ikimulika barabara na nyingine ikimulika miembe. Mtoto yule leo ana wajukuu wake. Tangu usiku ule mke wangu hakuwataja tena mbuzi.

Nililiuza mwaka 1983, na hapo ndipo gari lile liliponipima zaidi. Soko la magari makuukuu lina hila nyingi: kutu hufunikwa kwa lipu na rangi, gia zinazolia hutiwa unga wa mbao zinyamaze, saa ya maili hurudishwa nyuma. Dalali akaninong'oneza, "Bwana, wewe nyamaza tu. Gari kuukuu kila mtu anajua lina aibu zake." Lakini dini yetu humtaka mwenye kuuza abainishe aibu ya bidhaa yake, na bati kuukuu halina ruhusa ya peke yake. Nikamweleza mnunuzi, mtu wa Malindi, yote: sakafu, breki ya mkono, joto la Mazeras. Akapunguza shilingi 2,000. Dalali akasonya. Nami nikampa mnunuzi ufunguo, na kile kigogo cha mwembe, kwa kuwa mbele yake kulikuwa na feri ya Kilifi; daraja la huko lilifunguliwa mwaka 1991.

Siku hizi magari kutoka Japani yana breki madhubuti, mikanda na mifuko ya hewa inayookoa roho, na sitamdanganya kijana kwamba ya zamani yalikuwa bora. Yalikuwa hatari na yalikuwa yakila pesa. Ila ukifunua boneti leo unakutana na kifuniko cha plastiki, na fundi anauliza kompyuta kabla hajakuuliza wewe. Gari likikataa kuwaka unapiga simu, na jirani hajui kwamba uliharibikiwa. Mgongo wangu umepumzika, alhamdulillahi. Lakini wale vijana waliosukuma bila kuuliza gari ni la nani nawakumbuka mmoja mmoja kwa majina, na sijui mwanangu atamkumbuka nani.