Kabla ya Kung'oa Nanga: Maana ya Tahadhari za Upepo na Mawimbi Pwani ya Lamu

Katika miezi ya Kusi, si ajabu kupambazuke Lamu jua likiwaka na maji ya mbele ya mji yakiwa yametulia, ilhali redioni imetangazwa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa. Abiria anayesubiri mashua ya kwenda Faza, Kizingitini au Kiunga hutazama anga, akatazama maji, akajiuliza dhoruba yenyewe iko wapi.

Jibu ni kwamba tahadhari hiyo haizungumzii maji ya gatini, yaliyokingwa na visiwa. Inazungumzia bahari ya nje, ambako wimbi halina cha kulizuia. Katika kaunti ambayo wavuvi, wanafunzi, wagonjwa na wafanyabiashara husafiri kwa chombo, kuijua tofauti hiyo kunaweza kuokoa maisha.

Kusi hutoka mbali

Upepo wa Kusi huanza kuvuma takriban mwezi wa Aprili, hushika nguvu zaidi kati ya Juni na Agosti, kisha hulegea kuelekea Oktoba. Kaskazi hutawala kuanzia Desemba hadi Machi, na kwa kawaida huwa mpole kuliko Kusi. Kati ya misimu hiyo miwili, upepo hupungua na kubadilika mwelekeo.

Ukubwa wa wimbi hutegemea mambo matatu: kasi ya upepo, muda ambao umevuma, na umbali wa maji uliopita juu yake. Kusi huvuka Bahari Hindi kwa maelfu ya kilomita kabla ya kufika Pwani ya Kenya. Mawimbi yaliyozaliwa na upepo mkali huko mbali huendelea kusafiri hata baada ya kuuacha upepo uliyoyaumba. Ndiyo maana bahari inaweza kuchafuka mahali ambapo hakuna wingu hata moja.

Tarakimu zina maana gani

Tahadhari nyingi za Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutaja upepo unaozidi noti 25. Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, yaani karibu kilomita 1.85. Kwa hiyo noti 25 ni takriban kilomita 46 kwa saa.

Kasi hiyo inaweza kuonekana ndogo kwa mtu aliyezoea gari, lakini nguvu ya upepo haipandi sambamba na kasi. Kasi ikiongezeka maradufu, msukumo huwa mara nne. Ikifika mara tatu, msukumo huwa mara tisa. Tanga linalobebeka vizuri kwa upepo wa noti 10 hupokea msukumo mara tisa upepo ukifika noti 30, na hapo ndipo mlingoti huvunjika au chombo kupinduka.

Urefu wa mawimbi nao husomwa kwa uangalifu. Utabiri wa baharini ukisema mita 2, kwa kawaida hiyo si ajali ya wimbi moja kubwa kuliko yote. Ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi. Yapo yatakayokuwa madogo, na mara moja moja litakuja wimbi linalokaribia mita 4. Nahodha anayejiandaa kwa mita 2 pekee hajajiandaa vya kutosha.

Mahali pa hatari zaidi

Hatari huongezeka penye miamba na katika milango ya bahari. Wimbi linapoingia kwenye maji ya kina kifupi hupungua kasi, husimama wima, kisha huvunjika. Chombo kinachopita juu ya mwamba wakati huo kinaweza kujazwa maji kwa pigo moja.

Katika mlango ulio kati ya Shela na Manda, maji yanapokupwa hutoka kwa kasi kuelekea bahari kuu, huku mawimbi ya Kusi yakiingia. Nguvu hizo mbili zikikutana, mawimbi hukaribiana na kuwa makali kuliko yalivyokuwa saa chache kabla, ingawa upepo haukubadilika. Hali hii huzidi wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu zaidi.

Kwa wanaoelekea Pate, njia ya Mkanda, kati ya Manda na bara, hukingwa na upepo lakini huhitaji maji yaliyojaa. Maji yakiwa yamekupwa, kishawishi cha kuzunguka kwa nje ili kuwahi huwa kikubwa. Siku ya tahadhari, kusubiri maji yajae ndiyo safari iliyo fupi.

Je, kimbunga kinaweza kufika?

Vimbunga vya tropiki huhitaji bahari yenye joto la nyuzi 26 au zaidi, pamoja na msaada wa mzunguko wa dunia ili upepo uanze kuzunguka. Msaada huo ni hafifu sana karibu na ikweta. Mji wa Lamu uko takriban kilomita 250 kusini mwa ikweta, na hiyo ni kinga kubwa ya kimaumbile.

Hata hivyo, majirani wa kusini wameonja. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Zanzibar na kuharibu vyombo na mashamba ya karafuu. Aprili 1952 kingine kilifika Lindi. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilifika kisiwa cha Mafia, na tahadhari zikatolewa hadi Pwani ya Kenya. Kimbunga hakilazimiki kutua Lamu ili kuleta madhara, kwani mawimbi yake hutangulia na kufika mbali.

Wakati wa mvua za masika, ipo pia dhoruba ya ghafla. Wingu jeusi lililoshuka, upepo uliokatika kisha ukarudi ukiwa baridi kutoka upande mwingine, na mstari mweupe wa povu juu ya maji ni dalili za kutua tanga mara moja na kutafuta kinga.

La kufanya

Manahodha na wavuvi wanahimizwa kupata utabiri wa siku hiyo, si wa jana, kupitia redio, ofisi ya hali ya hewa ya kaunti au kikundi cha BMU cha eneo lao. Walinganishe utabiri huo na saa za maji kujaa na kupwa, wapunguze mzigo, na wamwachie mtu wa nchi kavu habari za njia watakayopita, idadi ya waliomo na saa ya kutarajiwa kufika.

Abiria naye ana haki na wajibu. Avae jaketi la kuokoa maisha kabla chombo hakijaondoka, wala asilikalie kama mto. Akikuta chombo kimejaa kupita kiasi, asipande. Nahodha akisema leo hatutoki, asimshinikize kwa nauli wala kwa maneno. Kesho kuna maji mengine ya kujaa.